Vitunguu vya maua vimegoma baada ya kuhama: kutafuta chanzo

Wanaopanda maua nyumbani hubadilishana sana wiki za mwisho kabla ya kuhama. Anayeondoka hawezi kubeba bustani nzima, jirani ana rangi ambazo yeye hana, na baadhi ya mimea haitafaa huko aendako. Miezi mitatu baadaye malalamiko yanaanza: amarilisi imetoa majani matupu, dalia haikuota kabisa, gladiola zilifika zimeoza. Lawama huangukia udongo wa nyumba mpya, na mara nyingi udongo hauna kosa. Tatizo lilianza siku ya kuchimbua, au ndani ya mfuko, au kwa sababu tarehe ya kuhama ilipangwa na mwenye nyumba ilhali kitunguu kina kalenda yake. Kwa hiyo rudi nyuma: kilichimbuliwa kikiwa katika hali gani, kilifungwa ndani ya nini, kilikaa siku ngapi kabla ya kuingia ardhini?

Humu "kitunguu" ni jina la jumla. Amarilisi, maua ya mvua na tuberosi ni vitunguu hasa, vyenye matabaka. Gladiola ni tunguu gumu lisilo na matabaka. Dalia na gloriosa ni viazi. Kana, agapanthasi na arumu, lile yungiyungi jeupe la mabondeni, zina mashina manene yanayotambaa chini ya udongo. Kinachofaa kwa kimoja huua kingine, na hapo ndipo makosa mengi ya kufungasha yanapotokea.

Kwanza kipime

Kibonye kwa kidole gumba kwenye kitako, pale mizizi inapotokea. Kitako kigumu maana yake kitunguu kiko hai hata kama maganda ya juu yamebanduka. Kidole kikizama, kuna uozo. Kinuse: harufu kali ya kitu kilichovunda, pamoja na majimaji, ni bakteria, na hapo hakuna cha kuokoa. Harufu ya ukungu bila majimaji inaacha nafasi. Kipime uzito mkononi. Kilicho chepesi kuliko ukubwa wake kimekauka ndani au kimeliwa na mdudu.

Ukiwa na vingi vya aina moja, toa kimoja kafara, ukipasue kutoka shingoni hadi kitakoni. Nyama nyeupe ni salama. Duara la kahawia linaloanzia kitakoni na kupanda juu ni ugonjwa wa ndani, na vyote vilivyotoka mfuko huohuo vitiliwe shaka.

Vimefika vimeoza

Karibu kila mara ni unyevu uliofungiwa. Kitunguu kilichochimbuliwa hakijafa, bado kinapumua. Ukikifunika kwenye ndoo jioni, asubuhi utakuta matone chini ya kifuniko. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, imesaidia vitunguu vya maua kuliko ushauri wowote, ila ndoo za rangi na makopo ya aiskrimu bado yapo. Tumia mfuko wa khaki, wavu wa vitunguu vya sokoni, au trei ya mayai ndani ya boksi lililotobolewa pembeni.

Muda wa kukausha kabla ya kufunga haulingani. Gladiola hukatwa majani, zikatandazwa juu ya wavu kivulini penye upepo kwa wiki 2 hadi 3, mpaka tunguu la msimu uliopita lililosinyaa chini yake libanduke kwa kulisokota. Likibanduka kirahisi na kuacha kovu kavu, zimekauka. Likihitaji kisu, bado. Amarilisi inahitaji siku 2 au 3 tu za kukausha udongo, na mizizi yake minene isikatwe, kwa sababu haifi kila mwaka kama ya gladiola. Dalia na kana zitosheke na siku moja.

Chanzo cha pili ni jembe. Kuchimba karibu na shina hukata kitunguu, na jeraha bichi likikutana na boksi lililofungwa huoza ndani ya siku chache. Anza sentimita 25 kutoka kwenye shina, tumia jembe uma, inua fungu zima kutoka chini badala ya kuvuta majani. Kilichokatwa kipakwe unga wa mkaa uliosagwa laini na kiachwe wazi saa 24. Kama mkaa haupo, hewa na kivuli pekee vinatosha.

Chanzo cha tatu ni mvua. Penye masika na vuli, miezi mizuri ya kuchimbua ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Iringa, Njombe na Mbeya, ambako msimu wa mvua ni mmoja, ni Juni hadi Septemba. Mkataba ukiisha Aprili, huna hiari: chimbua hata kwenye tope, lakini osha tope lote siku hiyohiyo kwa maji safi kisha uanike penye upepo. Tope linalokaukia juu ya maganda hushika unyevu ndani kwa wiki nzima.

Kuokoa: kata sehemu iliyooza kwa kisu kikali mpaka ufikie nyama safi, futa kisu kwa spiriti kila baada ya kukata, paka mkaa, anika siku 2. Kitako kikiwa kimeoza chote, tupa, maana mizizi haina pengine pa kutokea. Amarilisi ina bahati kidogo: kipande chenye matabaka mawili matatu yaliyoshikana na kipande kizima cha kitako, kikifukiwa nusu kwenye mchanga wenye unyevu mdogo, kinaweza kutoa vitoto baada ya wiki kadhaa. Vitoto hivyo vitachukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua, basi fikiria kama kweli unavitaka.

Vimesinyaa

Kwa sababu gladiola huvumilia kukaa mfukoni miezi, watu hufanya vivyo hivyo kwa kila kitu. Dalia iliyowekwa juu ya kabati ndani ya gazeti hukunjamana ndani ya wiki mbili. Kana, arumu na gloriosa nazo hazitaki ukavu kamili. Yungiyungi za kweli, zile za magamba meupe yasiyo na ganda la nje, hazilali usingizi kabisa. Zinatakiwa kupandwa ndani ya wiki moja.

Dalia, kana, arumu na gloriosa zifungwe ndani ya maranda au makumbi ya nazi yaliyosagwa, yenye unyevu kidogo tu. Kamata konzi moja uikamue: lisitoke hata tone, ila kiganja kisikie ubaridi. Likitoka tone, tandaza juani nusu saa ujaribu tena. Viazi visigusane. Fungua boksi kila baada ya wiki 2, na uondoe kilichoanza kulainika kabla hakijaambukiza vingine.

Dalia iliyokunjamana kidogo hurudi ikifukiwa kwenye makumbi yenye unyevu siku 3 hadi 5. Usiilaze usiku kucha kwenye ndoo ya maji. Ikiwa imekuwa nyepesi na inakunjika kama kamba, imekwisha.

Ni kigumu, kizima, lakini hakichipui

Hapa ndipo wabadilishanaji wanapoteza imani kati yao, na mara nyingi hakuna aliyedanganya.

Tuanze na dalia, kwa kuwa ndiyo inayoleta ugomvi mwingi. Kiazi chake kina mwili mnene, shingo nyembamba, na kipande cha taji pale shingo inapoungana na shina la zamani. Macho yako kwenye taji peke yake, vidoti vidogo vya waridi au kijani vyenye ukubwa wa kichwa cha pini. Mwilini hakuna jicho hata moja, tofauti na kiazi mviringo. Mtu akivunja kiazi kimoja kwa mkono ili akugawie, taji hubaki kwenye shina la mama. Wewe unaondoka na kiazi kizuri kilichonenepa ambacho kitakaa ardhini miezi, pengine hata kutoa mizizi, bila chipukizi.

Kugawa kunafanyika hivi. Kata mashina yabaki sentimita 10 hadi 15, kisha acha fungu ardhini siku 7 hadi 10. Macho huvimba na kuonekana. Chimbua, osha, acha siku moja. Kata kwa kisu chembamba au msumeno mdogo, ukihakikisha kila kiazi kinaondoka na kipande cha taji chenye jicho. Macho yakikataa kuonekana, gawa fungu nusu kwa nusu pamoja na shina lake, usikisie. Angalia pia shingo: ganda linaweza kuwa zima wakati ndani imevunjika. Shika taji, tikisa polepole. Mwili ukining'inia na kulegea, usikikubali.

Gloriosa ina hila ya namna hiyohiyo. Kiazi chake kirefu, mara nyingi chenye umbo la V, huchipua kwenye ncha tu, na ncha hiyo huvunjika kwa kuguswa. Kikifika hakina ncha, hakuna dawa. Kifungwe peke yake ndani ya boksi dogo lenye maranda, kilale ubavu, na kipandwe hivyohivyo kikiwa kimelala, kina cha sentimita 5 hadi 8.

Gladiola iliyochimbuliwa juzi haijafa, imelala. Ipe wiki 8 hadi 12 tangu siku ya kuchimbuliwa. Ndiyo maana anayegawa anatakiwa kuandika tarehe ya kuchimbua, si jina la ua peke yake.

Kaladiamu, ile ya majani ya rangi, kutoka Tanga au Mombasa ikipelekwa Limuru au Lushoto hukaa kimya kwa sababu ya baridi. Inataka udongo wenye nyuzijoto 20 na zaidi, na haitakiwi kuwekwa kwenye jokofu hata siku moja. Iweke kwenye sufuria ya kupandia maua ndani ya nyumba, karibu na dirisha lenye jua, au usiipokee kabisa.

Sababu zilizobaki ni kosa la mpandaji. Kumwagilia dalia kabla haijachomoza huiozesha. Udongo wa kawaida una unyevu wa kutosha mpaka chipukizi litokee. Kupanda juu chini huchelewesha tu, na ukishindwa kujua upande wa juu, laza ubavu. Dalia, kana na gladiola iliyokwisha usingizi zipe mwezi mmoja, kaladiamu na gloriosa hata miezi miwili. Acha kufukua kila Jumamosi kuangalia. Kidole hicho ndicho kinachovunja chipukizi.

Vimechipua ndani ya boksi

Joto na giza vimevishtua. Vipandwe siku hiyohiyo, hata kama mizigo mingine haijafunguliwa. Gladiola yenye chipukizi la sentimita 5 ipandwe kawaida, kina cha sentimita 10 hadi 15. Amarilisi iliyotoa shina la ua lililopauka itakuwa kijani baada ya siku chache za mwanga. Usiipe mbolea mpaka itoe majani. Dalia yenye machipukizi meupe marefu ikatwe yabaki sentimita chache, na vile vipande vya juu vya sentimita 7 au 8 vichomekwe kwenye mchanga wenye unyevu. Vingi hutoa mizizi, nawe umepata dalia za ziada za kulipia deni la kubadilishana.

Boksi hilo lilibeba ndizi mbivu, maembe au maparachichi? Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huua ua changa likiwa bado ndani ya kitunguu. Tulipu ndizo zinazoumia zaidi. Aliye Ulaya au Marekani anayezihifadhi kwenye jokofu la chakula azitenge na matufaha. Na aliyeko Nairobi aliyeletewa tulipu kama zawadi ajue zinahitaji wiki 12 hadi 16 za baridi iliyo chini ya nyuzijoto 9. Bila jokofu zitatoa majani mawili, basi.

Majani tele, maua hakuna

Kwa amarilisi, tazama kwanza ukubwa. Kitunguu chenye mzunguko wa sentimita 20 au zaidi kwa kawaida kiko tayari kutoa ua. Kile cha sentimita 10 ni mtoto, na atahitaji miaka 2 hadi 4. Pima kwa uzi kabla ya kukubali kubadilishana. Anayetoa watoto watano kwa kitunguu kimoja kikubwa hajakupunja, lakini mkubaliane hivyo mapema.

Ukubwa ukiwa sawa, uliza majani yalifanywaje. Ndani ya amarilisi, baada ya kila majani manne huumbwa shina moja la ua, na uumbaji huo huchukua karibu mwaka. Anayekata majani mabichi ili kitunguu kitoshee boksini anakata maua ya mwakani. Majani yakunjwe, yafungwe kwa uzi wa katani, yasafiri nacho. Yatanyauka yenyewe yakitaka.

Kisha kina. Amarilisi ipandwe theluthi moja au nusu ya kitunguu ikiwa juu ya udongo, kwenye sufuria inayoacha sentimita 2 au 3 tu pembeni. Sufuria pana huleta mizizi na watoto, si ua. Halafu jua: angalau nusu siku. Halafu mbolea: samadi mbichi ya kuku au yuria huleta majani ya kujivunia na hakuna kingine. Msimu ujao ipe mapumziko ya wiki 8 hadi 10 bila maji, na uanze kumwagilia tena mvua zinapokaribia.

Agapanthasi na klivia, ua la rangi ya chungwa la kivulini, zinachukia kugawanywa. Baada ya kukatwa vipande hukaa mwaka mmoja au zaidi bila maua, na hilo si ugonjwa. Omba fungu lenye vichwa vitatu au vinne vilivyoshikana. Kichwa kimoja kitakuchosha. Kama umetoka Arusha au Nairobi ukahamia Dar es Salaam, hapo shida ni joto: usiku wa pwani haupoi vya kutosha kuichochea klivia. Ni afadhali uziache zote mbili kwa mtu wa milimani na uchukue kwake maua ya mvua, kana na amarilisi, ambazo hazisumbuki pwani.

Tuberosi ina desturi yake. Kitunguu kilichokwisha toa ua hakirudii. Watoto wake ndio watakaochanua. Ukipewa fungu lenye bua kavu katikati, yule wa katikati hana kazi tena. Chagua wa pembeni wenye kipenyo kisichopungua sentimita 2.

Madoa, michirizi na wadudu

Amarilisi ikipata jeraha hutoa wekundu, kwa hiyo mstari mwekundu pale jani lilipokatwa si hoja. Madoa mekundu yanayotanuka, yakadidimia, na kufanya jani au shina la ua lipinde upande mmoja ni ukungu. Ondoa maganda na matabaka ya nje yenye madoa, kata majani yaliyoathirika, nyunyiza dawa ya ukungu yenye shaba au mankozebu kwa kipimo cha kwenye kibandiko, na mwagilia udongo tu, usiloweshe shingo. Kisigawiwe mtu mpaka kitoe majani safi msimu mzima.

Michirizi ya manjano na kijani iliyochanganyika kwenye jani, iwe ni amarilisi au kana, ni virusi. Havina tiba. Kana ndiyo inayosambaza zaidi kwa sababu kila mtu anagawa fungu lake kwa kisu kilekile. Fungu lenye michirizi lichomwe moto. Kulifanya mboji au kulitupa nyuma ya uzio ni kulihamishia kwa jirani. Kisu kiloweshwe dakika kadhaa kwenye jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa kabla ya kugusa mmea mwingine, kisha kisuuzwe kisishike kutu.

Uzuri wa dalia nao una mtego: ukikuta kwenye taji kishada kinene cha machipukizi mafupi yaliyobanana, mengi kupita kiasi, usifurahie wingi. Ni bakteria. Tupa fungu zima.

Gladiola ambayo ganda lake likibanduliwa lina mabaka ya kahawia yenye ukakasi na yanayonata kidogo inabeba vithiripi, wadudu wadogo sana. Baadaye majani yatakuwa na mistari ya fedha na maua yatakauka kabla ya kufunguka. Matunguu yakiwa yamekauka vizuri, yaweke chini kabisa kwenye jokofu, nyuzijoto 2 hadi 5, kwa wiki 6, wadudu hawahimili. Vidung'ata hujificha kati ya maganda ya amarilisi wakionekana kama pamba. Sisimizi wakipandapanda shingoni ndiyo dalili ya mapema. Bandua maganda makavu yote, futa kwa pamba yenye spiriti, rudia baada ya siku 7.

Viwavi weusi wenye mabaka meupe au ya manjano, wanaotoboa majani ya amarilisi na ya krinamu, ndugu yake, kuanzia juu na kushuka mpaka ndani ya kitunguu, hawasubiri dawa. Waokote kwa mkono jioni. Wakishafika kitakoni kitunguu kimekwisha. Na mizizi ya dalia yenye vifundo ni minyoo fundo. Hiyo haisafishiki, isipokelewe.

Magugu yaliyokuja bila kualikwa

Mwezi wa pili baada ya kupanda agapanthasi ya kupewa, kitanda kinajaa ndago, au zile oksalisi zenye majani matatu yenye umbo la moyo na maua ya zambarau zinazowasumbua wakulima wa nyanda za juu. Zilikuja ndani ya udongo wa fungu. Ukiivuta oksalisi, jani linatoka na vitunguu vyake vidogo vinabaki chini, kila kimoja mmea mpya. Kwa ndago ni vilevile: kijinundu kimoja kinatosha.

Sheria ya kubadilishana iwe moja na isiwe na aibu: udongo haubadilishwi. Osha kila fungu kwenye karai, pasua mizizi ya agapanthasi kwa vidole ndani ya maji, toa kila kijinundu chenye ukubwa wa njegere. Maji hayo yamwagwe barabarani, si kitandani. Kama fungu limekwisha pandwa na gugu limetokea, fukua lote sasa hivi, uoshe upya, na utumie sufuria kwa msimu mmoja. Ukichelewa mpaka mvua inayofuata, utakuwa unapalilia kitanda hicho kwa miaka.

Ua si lile lililoahidiwa

Kwa kawaida ni kibandiko. Wino wa kalamu hufutika juani ndani ya miezi michache, hata ule unaodaiwa haufutiki, wakati penseli ya kawaida juu ya kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye kopo la mtindi hudumu miaka. Andika jina, rangi, kimo, tarehe ya kuchimbua. Kwa dalia andika juu ya kiazi chenyewe. Funga kibandiko mmea ukiwa bado na ua, kwa kuwa bila ua gladiola nyekundu na nyeupe zinafanana kabisa.

Kilichooteshwa kwa mbegu hakifuati mama, hasa dalia. Mtoto aliyetoka ubavuni mwa kitunguu humfuata. Kwa hiyo uliza swali hilo moja. Ua likiwa la rangi ile ila limepauka au dogo, subiri msimu wa pili kabla ya kumpigia simu aliyekupa.

Mikono inawasha, au kitunguu kimefika jikoni

Utomvu wa arumu, amarilisi na kana haulingani kwa ukali: kana haina neno, arumu na amarilisi huwasha. Vaa glavu, osha kwa sabuni, usipanguse macho.

Hatari kubwa ni siku ya kuhama yenyewe, maboksi yanapochanganyika. Amarilisi isiyo na majani inafanana na kitunguu cha jikoni, na kiazi cha gloriosa kinafanana na kiazi kikuu au kiazi kitamu. Amarilisi huleta kutapika na kuharisha. Gloriosa ina kolchisini na inaua. Dalili zake zinaweza kuchelewa saa kadhaa, hivyo mtu aliyekula na bado anajisikia vizuri hajasalimika. Mpeleke hospitali mara moja, ukiwa na kipande kilichobaki. Usimtapishe nyumbani. Boksi la vitunguu vya maua liandikwe SUMU kwa herufi kubwa pande zote, lisiingie gari moja na vyombo vya jikoni kama inawezekana, na lisipangwe chini ambako mtoto au mbwa anafika.

Vimezuiwa mpakani

Vitunguu ni vifaa vya kupandia, na kila nchi inavikagua. Kabla ya kuviingiza Kenya unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kibali hutangulia, kisha nchi unayotoka hutoa cheti cha afya ya mimea. Umoja wa Ulaya tangu Desemba 2019 unadai cheti hicho hata kwa kitunguu kimoja kilichomo kwenye begi la msafiri. Kujaza soksi ndani ya begi na kuficha amarilisi katikati yake hakusaidii. Picha ya mashine inaonyesha duara vizuri sana. Ukihama nchi, gawa vyote, na ukifika anza kubadilishana upya na majirani wapya.

Viazi vya okidi za porini, kama zile za nyanda za Kitulo kusini mwa Tanzania, visiguswe hata kama hupiti mpaka. Kitulo ni hifadhi ya taifa, na okidi hizo hutegemea kuvu walio kwenye udongo wa palepale. Bustanini huoza tu.

Unahama keshokutwa na kila kitu kimechanua

Hapo usikaushe chochote. Ongea kwanza na mwenye nyumba, kwa kuwa wengine huhesabu kilichomo ardhini kuwa chao; kumwachia nusu ya kitanda humaliza mazungumzo haraka. Mwagilia usiku wa leo. Kesho jioni kata mashina ya maua, acha majani yote, chimbua fungu pamoja na udongo wake na ulitie kwenye ndoo ya lita 10 iliyotobolewa chini. Yale ya kubadilishana mwachie mwenzako yakiwa hivyohivyo ndani ya ndoo, naye atayaosha udongo mwenyewe yakishalala, kabla ya kuyaingiza kitandani, ili sheria ya udongo isivunjwe. Kwenye gari ndoo zipangwe mwisho, juu ya tandiko, zishuke kwanza. Ukifika, ziweke kivulini siku 3, mwagilia kidogo, kisha zisogeze juani hatua kwa hatua. Maua ya mwaka huu yamekwisha potea. Majani yakibaki kijani wiki 6, ya mwakani yapo.